Bima ilikataa dawa ya mapafu ya baba: tulivyopata idhini, na pale tulipopotezewa muda

Kijana wa Chumbageni (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam. Naandika kutoka Columbus, Ohio, na ninaowalenga hasa ni wenzangu tunaoishi Marekani na wazazi walio kwenye Medicare, yaani bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, kwa kuwa jambo hili nimeulizwa msikitini, nimeulizwa kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Tanga, na kila mara nimelijibu nusunusu nikiwa nimesimama.

Baba yangu ana miaka 71. Kwa muda mrefu alikuwa na kikohozi kikavu ambacho sote tulikisingizia baridi ya huku, mpaka jioni moja nilipotambua kwamba akisoma Kurani baada ya Magharibi anaikata aya katikati ili avute pumzi, yeye ambaye zamani alikuwa akiunganisha aya tatu bila kituo. Daktari bingwa wa mapafu alimsikiliza mgongoni, chini kabisa karibu na mbavu za mwisho, kisha akanipa na mimi kile kifaa nisikilize: ni mlio wa ukanda wa kiatu cha mtoto unapobanduliwa polepole. Picha ya CT ilionyesha makovu upande wa chini wa mapafu yote mawili, na baada ya vipimo vingine ugonjwa ukapewa jina la faibrosisi ya mapafu isiyojulikana chanzo, ambayo kwenye karatasi zao huandikwa kwa herufi tatu, IPF.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuyafuta makovu. Zipo dawa za kupunguza kasi yake, na mbili zilizotangulia, nintedanibu inayouzwa kwa jina la Ofev na pirfenidoni, ziliidhinishwa Marekani mwezi Oktoba 2014. Baba aliandikiwa nintedanibu, kapsuli ya miligramu 150 mara mbili kwa siku pamoja na chakula. Bei yake ya orodha inazidi dola 10,000 kwa mwezi, na sijakutana na mpango wa bima unaoitoa bila kwanza kutaka idhini ya awali, yaani daktari aieleze kampuni ya bima kwa maandishi kwa nini mgonjwa huyu anaihitaji dawa hii, nayo kampuni ikubali kabla famasi haijafunga mzigo.

Ombi letu la kwanza lilikataliwa, na nilichokifanya baada ya hapo ndicho nisichotaka mwingine akirudie. Kwa siku tisa nilipiga simu huduma kwa wateja, kila siku nikipokelewa na mtu mpya, nikisimulia habari za baba tangu mwanzo na kuambiwa kwa upole kwamba malalamiko yangu yameandikwa. Malalamiko si rufaa. Hizo ni njia mbili, zina ofisi mbili, na siku za kampuni kujibu rufaa hazianzi kuhesabiwa kwa sababu wewe umepiga simu ukiwa na uchungu.

Siku ya kumi niliisoma barua yenyewe. Kurasa zilikuwa nyingi, lakini sababu ya kukataa ilikuwa mistari minne tu katika ukurasa wa kwanza, na ndani yake mlikuwa na mambo mawili. La kwanza, namba ya ugonjwa kwenye ombi ilikuwa J84.10, ambayo ni faibrosisi ya mapafu isiyotajwa aina, ilhali IPF ina namba yake, J84.112. Karani wa kliniki alikuwa amenakili namba ya siku ya kwanza, kabla ugonjwa haujapata jina. La pili, walisema hakuna ushahidi kwamba vyanzo vingine vya makovu vimeondolewa, na hapo wakainukuu sentensi ya daktari wetu mwenyewe kutoka ziara ya kwanza, kwamba mgonjwa alifuga njiwa kwa zaidi ya miaka ishirini.

Njiwa! Mzee alikuwa na tundu la njiwa uani kwetu Chumbageni, na daktari alipomwuliza kama amewahi kuishi na ndege alijibu kwa furaha, akawataja hadi rangi zao, na mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri. Sikujua kwamba swali lile halikuwa la kupitisha muda. Vumbi la manyoya na kinyesi cha ndege huweza kuleta ugonjwa mwingine wa mapafu ambao ukishakomaa hufanana sana na IPF, na mkaguzi wa bima aliposoma faili alikuta njiwa wameandikwa, lakini hakukuta mahali popote pameandikwa kwamba waliangaliwa wakaonekana hawahusiki.

Tuliijibu mistari ile minne, hatukujibu kingine. Daktari alisahihisha namba. Akaambatisha ripoti ya mtaalamu wa mionzi iliyoeleza vishimo vilivyopangana kama sega la nyuki pembezoni mwa mapafu. Akaambatisha majibu ya damu kuhusu ndege, ambayo hayakuonyesha kitu na ambayo peke yake hayakati shauri lakini pamoja na mengine yana uzito. Vipimo vya damu vya magonjwa ya baridi yabisi. Na muhtasari wa kikao ambamo yeye na mtaalamu wa mionzi walikaa na wenzao wakakubaliana jina la ugonjwa. Kisha aliandika aya moja ya njiwa peke yao: waliachwa lini, na jinsi makovu yalivyoendelea kuongezeka miaka mingi baada ya mzee kuachana nao.

Mwishoni aliongeza sentensi kwamba kusubiri muda wa kawaida kunaweza kuhatarisha afya ya mgonjwa, na hiyo ndiyo ninayowaombeni mwiulizie kabla karatasi hazijatumwa. Katika mpango wa dawa wa Medicare, yaani Sehemu ya D, ombi la kwanza hujibiwa ndani ya saa 72, na la haraka ndani ya saa 24. Rufaa ya kwanza hujibiwa ndani ya siku 7, na ya haraka ndani ya saa 72. Daktari akiisema sentensi hiyo, kampuni haina hiari, ni lazima ilishughulikie kwa haraka. Muda wa kukata rufaa ni siku 65 tangu tarehe iliyo kwenye barua, kwa hiyo siku zangu tisa za simu hazikutunyima haki, zilimnyima mzee dawa tu. Rufaa yetu ilikubaliwa siku ya tatu.

Muuguzi wa Mapafu

Ndugu mleta uzi, pole kwa usumbufu, na mpe mzee salamu zetu. Mimi nafanya kazi katika kliniki ya mapafu na sehemu kubwa ya siku yangu ni fomu hizi, kwa hiyo naomba niongeze upande wa ndani ya kaunta.

Ombi la idhini ya awali kwa kawaida halianzi kwa kusomwa na daktari. Lina orodha ya masharti ambayo mpango wa bima umejiandikia kwa dawa hiyo, na mtu au kompyuta hupita akitafuta jibu la kila sharti: namba ya ugonjwa, ripoti ya CT, kipimo cha pumzi, majibu ya ini, jina la daktari bingwa. Sharti likikosa jibu, ombi hurudi hata kama jibu lenyewe limo katika ukurasa wa 38 wa faili tulilotuma kwa faksi. Ndiyo maana mimi huomba masharti yenyewe kutoka kwa kampuni, kwani wana wajibu wa kuyatoa, kisha huandika ukurasa mmoja wa mbele unaofuata mpangilio wao, kila sharti na ukurasa linapopatikana jibu lake.

Kuhusu njiwa, kuna jambo ambalo huenda lingewasaidia hata kama daktari angeshindwa kuwaondoa katika mashaka. Tangu Machi 2020 nintedanibu imeidhinishwa pia kwa magonjwa mengine ya makovu ya mapafu yanayoendelea kuharibika, yakiwemo yale yanayotokana na ndege. Hapo kinachotafutwa ni ushahidi wa kuharibika kwenyewe. Katika utafiti uliofungua mlango huo, kigezo kimojawapo kilikuwa kushuka kwa asilimia 10 au zaidi katika kiasi cha hewa ambacho mgonjwa anaweza kukitoa kwa nguvu, ndani ya miezi 24. Kwa hiyo vipimo vya zamani vya kupumua vina thamani, na aliyepimwa katika hospitali nyingine aviombe mapema. Pirfenidoni haina mlango huo. Marekani imeidhinishwa kwa IPF tu, na Sehemu ya D hailipii dawa kwa ugonjwa ambao haumo katika kibali chake wala katika vitabu rejea vinavyotambuliwa na Medicare, hata barua iwe nzuri kiasi gani.

Mtakutana pia na mpango unaosema mgonjwa aanze kwanza na pirfenidoni, kwa sababu tangu 2022 ina matoleo ya bei nafuu yasiyo na jina la biashara. Kama kuna sababu ya kitabibu ya kuikwepa, mathalani ngozi inayoungua kwa jua au kichefuchefu kilichomshinda mgonjwa hapo awali, daktari huomba msamaha wa sharti hilo, na zile saa 72 huanza kuhesabiwa pale tu maelezo ya daktari yanapofika. Ukiambiwa saa 72 zimepita na hakuna jibu, uliza kwanza kama maelezo hayo yamefika.

Mama Wawili

Asanteni nyote wawili. Mimi sina Medicare. Nina bima ya kazini, na mume wangu ameandikiwa dawa hiyohiyo. Je, siku hizo ni zilezile? Na je, ni kweli kwamba kuanzia mwaka huu wa 2026 bima zote zimelazimishwa kujibu ndani ya siku saba? Nimetumiwa ujumbe huo na watu watatu.

Muuguzi wa Mapafu

Dada yangu, ujumbe huo una ukweli ndani yake ila si wa jambo hili. Kanuni iliyotolewa Januari 2024 na ofisi ya serikali inayosimamia Medicare inaziwekea baadhi ya bima muda wa siku 7 kwa maombi ya kawaida na saa 72 kwa ya haraka kuanzia 2026, lakini inahusu huduma na vifaa, na dawa zimetengwa nje kwa maandishi.

Kwa bima ya kazini, mnayo siku 180 tangu kupata taarifa ya kukataliwa ili kukata rufaa ndani ya kampuni yenyewe. Kama dawa bado haijatolewa, jibu hutakiwa ndani ya siku 30, na kama ni ya haraka ndani ya saa 72. Wakishikilia msimamo wao, kwa mipango iliyo mingi mna miezi minne ya kuomba mapitio ya nje, yanayofanywa na watu wasio wa kampuni hiyo, na uamuzi wao huibana kampuni. Watu wengi wetu huishia kwenye rufaa ya ndani kwa kudhani kwamba aliyekataa ndiye mwenye neno la mwisho.

Halafu muulize daktari kama yuko tayari kuzungumza kwa simu na daktari wa kampuni ya bima. Mazungumzo hayo huchukua dakika chache na mara nyingine humaliza kilichoshindikana kwa karatasi, ila aingie nayo simuni ile mistari ya sababu, si faili zima.

Mstaafu wa Upanga

Nipo Dar es Salaam, nimewasoma kwa makini. Swali langu ni la mtu wa nje: kwa fedha hizo na mizunguko hiyo, si heri kumwagizia mzee dawa kutoka India, ambako pirfenidoni hutengenezwa na kuuzwa kwa bei ndogo kabisa?

Kijana wa Chumbageni (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Wazo hilo lilitujia, na mjomba alikuwa tayari hata kusafiri. Tuliliacha kwa sababu sheria ya Marekani kwa kawaida hairuhusu mtu binafsi kujiagizia dawa za nje, na pia kwa sababu dawa hizi huharibu ini la baadhi ya watu. Nintedanibu inataka ini lipimwe kabla ya kuanza, kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, na baadaye kila baada ya miezi mitatu, na daktari wetu alisema wazi kwamba hatasimamia dawa asiyojua imetoka wapi.

Lakini umenikumbusha fedha, ambazo nilizipita. Sehemu ya D sasa ina kikomo cha kile mgonjwa anacholipa mfukoni kwa mwaka: kilikuwa dola 2,000 mwaka 2025, na mwaka 2026 ni dola 2,100. Kwa dawa ya bei hii kikomo hicho huisha katika mzigo wa kwanza. Sisi tulipata idhini Oktoba, tukalipa dola 2,000 kwa mkupuo, na Januari mwaka ukageuka tukatakiwa 2,100 nyingine. Ndani ya miezi minne zikawa dola 4,100, na hakuna aliyetuambia kwamba tangu 2025 kila mpango wa Sehemu ya D unalazimika kumruhusu mgonjwa kulipa kidogokidogo kila mwezi bila riba. Haiji yenyewe. Unaiomba kwa kampuni, na ni bora kabla ya mzigo wa kwanza kutoka. Wenye kipato kidogo waanzie kwenye msaada uitwao Extra Help. Zile kadi za punguzo za watengenezaji wa dawa hazifai kwa mwenye Medicare, sheria inazikataza, ingawa kwa bima ya kazini kama ya Mama Wawili zinaweza kufaa. Ofev imo pia katika dawa 15 ambazo serikali ilizichagua mwaka 2025 kwa mazungumzo ya bei, na bei hizo zitaanza kutumika 1 Januari 2027.

Hapa Ohio kuna washauri wa bure wa mambo ya Medicare wanaoitwa OSHIIP, na kila jimbo lina ofisi ya aina hiyo. Tulipokwenda, jambo la kwanza walilotupa ni fomu CMS-1696 ya kumteua mwakilishi, ili kampuni ikubali kuzungumza nami. Daktari haihitaji fomu hiyo kwa ombi la kwanza wala kwa rufaa, ila mwana anaihitaji. Kabla ya hapo kampuni ilikuwa ikimpigia mzee mwenyewe, naye kwa adabu aliitikia "yes" kila alipoulizwa, pamoja na swali la kama yuko tayari kubadilishiwa dawa. Anayo haki ya kuletewa mkalimani wa Kiswahili bila malipo, na tangu tulipoanza kumdai, simu zimekuwa fupi na majibu yamekuwa yake.

Sasa nina swali kwako, dada Muuguzi. Idhini yetu iliisha 31 Desemba na fomu ya kuihuisha inauliza kama mgonjwa amepata nafuu. Kipimo chake cha pumzi kimeshuka kwa mililita 60. Tuandike nini?

Muuguzi wa Mapafu

Muandike ukweli pamoja na maana yake. Fomu hiyo ni ya jumla, imeandikwa kana kwamba kila dawa huponya, na karani asiyejua akiona namba imeshuka ataweka alama ya hapana, kisha dawa itakataliwa kwa sababu inafanya kazi yake. Katika mojawapo ya majaribio makubwa ya nintedanibu, waliopewa dawa walipoteza takriban mililita 115 za pumzi kwa mwaka, na waliopewa kidonge kitupu walipoteza takriban 240. Wote walishuka. Mwombe daktari aandike kwamba lengo la matibabu ni kupunguza kasi ya kushuka, aweke kipimo cha kabla ya dawa na cha sasa vyote viwili pamoja na tarehe zake, na aseme kwamba kasi imepungua ukilinganisha na ya mwaka uliotangulia, ikiwa ndivyo ilivyo.

Mengine mawili kwa haraka. Daktari akipunguza dozi hadi miligramu 100, jambo la kawaida kwa sababu dawa hii huharisha wengi, mulizeni kama idhini iliyopo inagusa na kapsuli hiyo, kwani mara nyingine huhesabiwa kama ombi jipya. Na aliyebadilisha mpango wa bima mwisho wa mwaka ajue kwamba ndani ya siku 90 za kwanza mpango mpya wa Sehemu ya D unatakiwa kumpa walau mzigo mmoja wa mwezi wa dawa aliyokwisha kuianza, wakati idhini ikishughulikiwa. Famasi isipoutaja mzigo huo wa mpito, utajeni ninyi.

Mama Wawili

Nimeelewa. Limebaki moja ambalo naona wengi wanalifikiria bila kulisema. Ikiwa njiwa ndio waliomponza mzee, basi si afadhali tukiulizwa na daktari mambo ya ndege, vumbi la mbao au ukungu wa nyumba, tuseme hatujui? Mume wangu ni seremala.

Kijana wa Chumbageni (mleta uzi)

Dada, hapana, na samahani kama nilivyoandika kumetoa picha hiyo. Nami nilimwuliza daktari swali hilohilo, kwa hasira kidogo. Alinijibu kwamba makovu yaliyoletwa na ndege huanza kutibiwa kwa kumtenga mgonjwa na ndege hao, na mara nyingi kwa dawa za kupunguza kinga ya mwili, ilhali kwa IPF dawa hizo zinaweza kuua: katika utafiti mmoja wa Marekani, kundi lililopewa prednisoni na azathioprini pamoja na dawa ya tatu lilisimamishwa mwaka 2011 baada ya kuonekana kwamba waliozimeza wanafariki na kulazwa zaidi ya wenzao wa kidonge kitupu. Anayeificha mbao ili bima ipite anaweza kupitishiwa dawa isiyo yake.

Mume wako aseme yote, tangu randa ya kwanza aliyoishika. Kilichotukwamisha sisi ni kwamba njiwa waliandikwa siku ya kwanza na hitimisho lao halikuandikwa popote. Kwa hiyo mkiondoka kliniki, ombeni nakala ya maelezo ya ziara, mtafute neno useremala, na kama mbele yake hamna sentensi inayosema vumbi hilo limechunguzwa na likaonekana ni chanzo au si chanzo, mrudishieni daktari aiandike kabla ombi halijatumwa. Mzee anakusalimu. Anasema njiwa wake walikuwa safi.